Ngao Kila Mahali

Barabara ya Namanga ikishaachana na ile ya Mombasa pale Athi River, ngao zinaanza. Ipo kwenye lango la shule, ipo kwenye bango la chama cha akiba na mikopo, ipo ubavuni mwa matatu, na juu ya bucha ipo nyingine yenye mikuki miwili iliyopishana. Ukipita Kitengela ukaelekea Isinya na mji wa Kajiado, zinazidi: ngao ya kampuni ya ulinzi, ya duka la dawa za mifugo, ya mradi wa maji. Pasipo na ngao pana mgunga mmoja na jua linazama nyuma yake. Nembo hizi zimechorwa na watu tofauti, kwa wateja wasiojuana, na kila mmoja amelipa pesa zake. Lakini ukifuta maandishi yaliyo chini yake, huwezi kusema ipi ni ya nani.

Jambo hilo linanisikitisha kwa sababu ngao ya Kimaasai iliundwa ili itofautishe. Ilitengenezwa kwa ngozi ya nyati na kupakwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, na michoro yake, inayoitwa sirata, haikuwa pambo la mtu kujichagulia. A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyechapisha kitabu chake kuhusu Wamaasai mwaka 1905, aliinakili michoro hiyo. Mjerumani Moritz Merker alikuwa amefanya hivyo mwaka mmoja kabla yake. Kutokana na kazi zao tunajua kwamba mchoro ulitaja rika la mwenye ngao na sehemu anayotoka. Ilikuwepo hata alama ya ushujaa ambayo moran, yaani kijana mpiganaji, hakuruhusiwa kujipaka mpaka apewe idhini na wakubwa wake. Mtu aliyesimama ng'ambo ya korongo aliweza kujua ni akina nani wanaokuja kabla hajaona uso hata mmoja.

Na sehemu hizo zingalipo. Kaputiei ni wenyeji wa Kitengela na Isinya, Keekonyokie wako Ngong, Dalalekutuk wako Kajiado mjini na viunga vyake, Matapato wako upande wa Namanga, Loodokilani wako Magadi, na Kisongo wako Loitokitok. Kila sehemu ina namna yake ya kupanga rangi za shanga, na mwanamke wa huku akimwona mwenzake wa kule hutambua ametoka wapi kwa kuitazama shingo yake tu. Kaunti ya Kajiado, yenye elimu ya alama ya kiwango hicho, imejazwa mabango yanayofanana, na wabunifu wengi wanaoyachora wamesomea kazi yao vizuri. Tatizo ni mahali wanapoanzia. Wanaanza na picha ya Mmaasai iliyo kwenye kadi za watalii, kisha wanatafuta jina la mteja la kuweka chini yake.

Bendera ya taifa imechangia pia. Ilipopandishwa tarehe 12 Desemba 1963, ngao na mikuki miwili vilikaa katikati, na tangu siku hiyo umbo hilo likawa la Kenya nzima. Kwa taifa lilikuwa chaguo zuri: ngao isiyo na sirata ya sehemu yoyote, inayomlinda kila mtu. Lakini kile kinachoifaa nchi nzima hakimsaidii mwenye kampuni ya usafi ya Kitengela kutambulika mbele ya mwenye kampuni ya usafi wa mtaa wa pili. Isitoshe, Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99, inakataza kutumia alama hizo kwa biashara bila kibali cha maandishi cha waziri. Nazo kaunti zimewekewa mpaka wao. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinataka kila kaunti iunde bendera, muhuri na nembo yake kwa kushauriana na wananchi na kuipitisha kwenye bunge la kaunti, na kinakataza alama hizo zifanane na za taifa. Wabunge walioandika kifungu hicho walielewa jambo ambalo mabango ya barabarani yamelisahau.

Basi twende kwenye alama ambayo Kajiado haikuisahau kamwe, ile iliyo ubavuni mwa ng'ombe.

Wamaasai huiita olmishire. Ni chapa inayopigwa kwa chuma cha moto, na pamoja na mikato ya masikio humtambulisha mnyama kwa ukoo na kwa mwenyewe. Serikali nayo ina Sheria ya Kupiga Chapa Mifugo, Sura ya 357, yenye msajili wake, ili watu wawili wasije wakadai ng'ombe mmoja kwa alama moja. Mbunifu yeyote anayetaka kuchora nembo zitakazodumu ningemwomba aende siku moja akaangalie kazi hiyo ikifanyika, kwa sababu ni ubunifu uliofanyiwa mtihani mkali kuliko yote.

Chuma hakitolewi motoni kikiwa chekundu. Kikiwa chekundu huwasha manyoya na kuchoma kupita kiasi. Kinachofaa ni kilichofika rangi ya jivu. Kinakaa kwenye ngozi sekunde chache tu. Mkono ukitetemeka, alama inavurugika na haina kufutwa. Umbo nalo lina masharti yake. Duara dogo lililofungwa pande zote ni hatari, kwa sababu ngozi iliyobaki katikati hukosa damu, hufa, na kidonda kikipona unabaki na doa. Kona nyembamba zinazokutana hupata ajali hiyohiyo. Ndiyo maana wenye mifugo, hapa na hata kwenye maranchi ya Marekani, huacha pengo mahali mistari inapotaka kukutana. Kisha ndama hukua na chapa hukua naye, ikitanuka na kujipinda kufuata mwili. Manyoya ya msimu wa baridi huifunika nusu. Vumbi huimalizia. Pamoja na hayo yote, mchungaji aliye mbali, jua likimpiga machoni, lazima aisome.

Hata hasara yake inafundisha. Watu wa viwanda vya ngozi hulalamika kwamba chapa ikipigwa katikati ya ubavu huharibu sehemu bora ya ngozi, kwa hiyo hushauri ipigwe mguuni au shavuni. Alama nzuri mahali pabaya humgharimu mwenyewe. Nimeona magari ya kampuni yenye nembo iliyokatwa na mlango wa kuteleza: ukifunguliwa, nusu ya jina inameza nusu nyingine.

Sasa weka masharti ya chuma cha moto mbele ya nembo za kompyuta. Mistari minne au mitano, si zaidi. Hakuna kivuli, hakuna rangi inayofifia polepole kuwa nyingine, hakuna herufi ndogo zinazozunguka ukingoni. Isomeke kwa mbali, isomeke ikiwa chafu, isomeke ikiwa imepinda. Nembo nyingi zinazopendeza kwenye skrini hufa kwenye sharti la kwanza.

Mji wa Kitengela umekua haraka mno kiasi kwamba hitaji la alama limetangulia watu wa kuzichora. Sensa ya mwaka 2019 iliukuta una watu 154,436, kwenye ardhi ambayo kizazi kimoja tu nyuma ilikuwa malisho ya ranchi ya kikundi. Eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje lililoanzishwa Athi River miaka ya 1990 lilileta wafanyakazi, wafanyakazi wakataka vyumba, vyumba vikataka saruji. Na ukitaka kuona nembo zinazofanya kazi yake sawasawa, simama mbele ya duka lolote la vifaa vya ujenzi pale mjini uangalie mifuko ya saruji ilivyopangwa.

Hakuna fundi anayeagiza saruji ya daraja la 32.5 kwa jina la kampuni iliyosajiliwa. Anasema, "Nitumie Simba kumi." Au Nyumba, au ile ya pembetatu. Simba ni ya National Cement, Nyumba ni ya Mombasa Cement, na pembetatu ya bluu ni ya East African Portland Cement, kampuni iliyoanza mwaka 1933. Kifaru ilikuwa ya kampuni ya ARM Cement, zamani Athi River Mining, mpaka ilipowekwa chini ya msimamizi mwaka 2018 na mali zake kununuliwa na National Cement mwaka uliofuata. Bidhaa yenyewe ni unga wa kijivu ambao hakuna jicho linaloweza kuupambanua. Alama ndiyo inayobeba tofauti yote, na inaibeba kwenye karatasi iliyokunjamana, iliyomwagikiwa na unga, iliyorushwa kutoka kwenye lori. Kwa maoni yangu pembetatu ndiyo bora kuliko zote. Mtoto aliyetumwa dukani anaweza kuichora ardhini kwa kijiti na muuzaji akaelewa.

Teremka na ile barabara ya Namanga hadi mwisho, uvuke mpaka kuingia Tanzania, na utakutana na Simba mwingine. Saruji ya Tanga nayo inaitwa Simba, na ni ya kampuni tofauti kabisa. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Haki ya alama ya biashara huishia mpakani: Kenya ina ofisi yake, Tanzania Bara ina wakala wake wa usajili, BRELA, na Zanzibar ina yake peke yake. Mfanyabiashara wa Kajiado anayeuza pande zote mbili za Namanga akisajili upande mmoja tu, anaweza kuamka siku moja akute jina lake limeshachukuliwa na mtu wa upande wa pili.

Wakenya, wakiwemo wasiojua kusoma, ni wasomaji hodari wa alama. Katika kura ya maoni ya Novemba 2005 tume ya uchaguzi iliwapa waliounga mkono katiba mpya alama ya ndizi, na waliopinga ikawapa chungwa. Matunda yale hayakuwa na uhusiano wowote na katiba. Waliopinga walishinda, na chungwa likaacha kuwa alama ya karatasi ya kura likawa jina la chama cha siasa. Nyumba yenye paa iliyo kwenye nembo ya Benki ya Equity inatokana na historia ya namna hiyo: taasisi hiyo ilianza mwaka 1984 kama shirika la mikopo ya nyumba, ikaja kuwa benki, na nyumba ikabaki. Alama hujazwa maana na mwenendo wa mwenye nayo. Kazi ya mbunifu ni kutengeneza chombo kinachoweza kujazwa, kisichochanganywa na cha jirani.

Lakini mteja wa kawaida Kajiado si benki. Ni kikundi cha wanawake wa shanga, kanisa, shule ya binafsi, chama cha wenye bodaboda, bucha. Kikundi kikishasajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kinafungua akaunti, na mtu anasema, "Sasa tunataka nembo." Hapo mwenyekiti, pengine mzee wa miaka sitini, huketi na kijana mwenye kompyuta kwenye duka la kuchapisha, na mazungumzo huwa hivi:

"Kijana wangu, weka ngao. Weka ng'ombe, mlima, na jua. Na akina mama wawe chini ya mti wanashona."

"Sawa mzee. Na jina?"

"Jina lizunguke. Na chini uandike Umoja na Maendeleo."

Kijana hutii, maana huyo ni mzee na ndiye anayelipa. Lakini si kwamba mzee hana jicho la uzuri. Nembo iliyojaa ni kumbukumbu za mkutano zilizochorwa: mlima ulipendekezwa na mweka hazina, ng'ombe ni wa katibu, mti ni wa wale wa upande wa mtoni, na kuondoa kimoja ni kumwondoa aliyekitaja. Mbunifu asiyelielewa hilo atapigana na mzee na kushindwa.

Njia ninayoipendekeza ni kuanza na muhuri kabla ya kuanza na karatasi. Kikundi kitatumia muhuri wa mpira kuliko kitakavyotumia kitu kingine chochote: kwenye barua za benki, kwenye risiti, kwenye fomu za kaunti, kwenye orodha ya mahudhurio. Muhuri una upana wa sentimita nne hivi, una wino wa rangi moja, na hugongwa na mtu mwenye haraka. Chukua mchoro ule wa mzee, upunguze mpaka ukubwa huo, uuchapishe kwa nyeusi tupu, kisha uutoe fotokopi, na ile fotokopi uitoe fotokopi tena. Weka matokeo mezani mbele ya mwenyekiti bila kusema neno. Akina mama wamekuwa nukta tatu. Jua na kichwa cha ng'ombe vimeungana. Shanga zote zimezama kwenye wino. Mzee aliyeshika chuma cha chapa tangu ujana wake hahitaji kuelezwa zaidi. Anaijua alama iliyoungua.

Mwaka 1961 waanzilishi wa shirika la kuhifadhi wanyamapori la WWF walikuwa na shida ya namna hiyo. Walichagua panda, na Peter Scott, aliyemchora, hakuficha kwamba mnyama mweusi na mweupe aliwaokolea gharama ya kuchapisha rangi. Kilichoanza kama ubahili wa wino kimekuwa moja ya nembo zinazojulikana zaidi duniani. Wateja wa Kitengela wana bajeti ndogo, na bajeti ndogo ikiheshimiwa huzaa mchoro safi.

Kuna deni jingine ambalo mbunifu wa Kajiado analo na wa kwingineko hana. Jina Maasai na sura ya Kimaasai vimetumiwa na makampuni ya mbali kuuzia viatu, magari na nguo. Viatu vya MBT (Masai Barefoot Technology) vilibeba jina hilo, na mavazi ya kiume ya Louis Vuitton ya msimu wa 2012 yalikuwa na mirabaraba ya shuka. Wazee wakiongozwa na Isaac ole Tialolo waliunda mpango wa kudai haki juu ya jina na alama zao, wakisaidiwa na Ron Layton wa shirika la Light Years IP. Kampuni ya mavazi ya Koy ya Uingereza ilikubali kulipa ada ya matumizi. Kenya nayo ikapitisha Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni mwaka 2016, inayotaka jamii iombwe ridhaa kabla ya urithi wake kuingizwa kwenye biashara.

Tunawalaumu wa ng'ambo, na ni haki yetu. Lakini mtu wa Nairobi anayefungua hoteli Kitengela na kubandika moran anayeruka kwenye mlango wake hajamwomba yeyote ridhaa pia. Mimi naona swali hilo liulizwe kwenye meza ya mchoraji, siku ya kwanza: urithi huu ni wa nani, na wenyewe wameketi hapa? Kama mteja si wa jamii hiyo, na asemalo halihusu jamii hiyo, ngao iachwe. Mwenye duka la vipuri kutoka Machakos au Nyeri ana hadithi yake mwenyewe, ana jina la mama yake, ana rangi ya mlango ambao wateja wameuzoea.

Na kama wenyewe ndio walioketi mezani? Rudi kwa kikundi cha shanga. Akina mama wakiombwa waweke mezani kazi zao, badala ya kuulizwa wanataka picha gani, ubishi hupungua. Mpangilio wa rangi wa sehemu yao upo pale, mkononi, na hauhitaji kura: rangi hii kwanza, kisha hii, kisha ile nyembamba ya kutenganisha. Mbunifu anaunakili kama mikanda ya duara, mipana na myembamba, akiacha pengo pale ushanga wenyewe unapoacha. Kwenye bango nembo inakuwa na rangi zake. Kwenye muhuri rangi zinapotea, lakini upana wa mikanda unabaki na mpangilio bado unasomeka. Mkaputiei anaona ni ya kwao. Mnunuzi wa mbali haoni ukoo wala sehemu. Anaona alama ambayo hajaiona kwenye bango jingine lolote.

Alama ya namna hiyo ndiyo inayopokelewa vizuri hata kwenye Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI. Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, inataka alama iwe na upekee. Umbo linalotumiwa na kila mtu kwenye biashara ile haliwi mali ya mmoja. Unaanza kwa kuomba upekuzi wa daftari, kisha unapeleka ombi, kisha alama inachapishwa kwenye jarida la taasisi ili mwenye pingamizi aseme ndani ya siku 60. Ikipita, inalindwa kwa miaka 10 na inaweza kuhuishwa. Kabla ya hapo kikundi kiandike kwenye kumbukumbu zake ni nani aliyetoa mpangilio ule na umekubaliwa vipi, na kimtake mbunifu asaini kwamba mchoro ni wao. Atoe pia faili ya vekta, ile inayokuzwa bila kuvunjika, katika diski na katika barua pepe ya katibu. Vikundi vingi vimebaki na picha ya simu tu, na kila bango jipya huchorwa upya kwa kukisia, mikanda ikiongezeka au kupungua, mpaka akina mama wenyewe wanaikana.